Dumu Likitoboka, Litiwe Udongo

Dumu la maji linapoanza kuvuja, safari yake katika nyumba nyingi za Dar es Salaam inajulikana. Kwanza tundu linazibwa kwa kuyeyushia kipande cha plastiki. Likivuja tena, linasuguliwa sabuni ya mche. Sabuni ikishindwa, dumu linapelekwa nyuma ya choo na huko linasahaulika. Masika yanalijaza maji mpaka usawa wa tundu, mbu wanataga. Halafu siku ya usafi linachomwa pamoja na majani makavu ya mwembe, na moshi mweusi unaingia vyumba vyote, hata vya wapangaji ambao dumu halikuwa lao.

Sisi tunasema lisifike huko. Tundu lililoliachisha kazi ya maji ndilo linaloliajiri kwenye mboga, maana mmea hautaki chombo kisichovuja. Dumu zima lina bei, na mtu mwenye akili zake halitoboi ili apande mchicha. Dumu bovu halina kazi nyingine nyumbani. Likatwe ubavu mmoja, liongezwe matundu, lijazwe udongo na samadi, limwagiwe mbegu. Wiki 3 au 4 baadaye kuna mboga ya jioni.

Hatudai kwamba tumegundua kitu. Wazee wa pwani walipanda mrihani na asumini kwenye makopo ya maziwa na madebe ya mafuta kabla plastiki haijajaa mitaani. Tunalizungumza sasa kwa sababu ya mtu mmoja ambaye kampeni za kilimo zimekuwa zikimruka: mpangaji.

Kilimo cha Kufa na Kupona kilipotangazwa katikati ya miaka ya 1970, hata mjini watu walilima mahindi kwenye viwanja vya wazi. Viwanja vile leo vina fremu za maduka. Mpangaji wa vyumba viwili hana ardhi, na hata akionyeshwa kona ya uani hana hakika kama mwakani atakuwepo. Kodi ikipanda anahama. Nani atachimba tuta, alitie samadi, alipalilie, halafu amwachie mpangaji mwingine avune? Anayemshauri mtu wa namna hiyo aanzishe bustani ya nyumbani anamshauri asaidie nyumba ya mwingine.

Dumu linamwondolea mashaka hayo. Siku ya kuhama linapandishwa kwenye kirikuu pamoja na kitanda na jiko la gesi, na sukuma wiki inaendelea kuota kwenye nyumba mpya. Huko Kibera, Nairobi, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Solidarités la Ufaransa lilieneza kilimo cha magunia: gunia linajazwa udongo, katikati panapangwa mawe ya kupitishia maji, na mboga zinapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Ni mbinu nzuri, inabana nafasi kuliko dumu, na wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji pia. Ila gunia lililojaa udongo halihami. Likishasimama pale limesimama. Dumu la lita 20 lenye udongo uliolowana lina kilo 20 na zaidi, na watu wawili wanalishika huku na huku wanaondoka nalo.

Kuna sababu ya pili ya kulima uani, nayo haipendezi kuisema wakati wa kula. Sehemu kubwa ya mboga za majani zinazoliwa Dar es Salaam hulimwa humuhumu jijini, mabondeni, ambako maji ya kumwagilia ni yale yaliyopita viwandani, gereji na kwenye makaro. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga zilizokuzwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta ndani yake risasi na kadimi. Tangu hapo jiji limeongezeka, na mito hiyo haijapata kuwa safi. Mkulima wa bondeni hatumtupii lawama, kwani analima palipo na maji. Ila mama anayenunua fungu gengeni hana namna ya kujua limetoka wapi, na masika mabonde yakijaa maji, fungu hilo hupungua ukubwa bila kupungua bei. Mboga ya dumuni, udongo wake unaujua na maji yake unayajua.

Dumu lenyewe je, unalijua?

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wasiharakishe. Madumu na makopo hayalingani. Kuna dumu la njano lililoleta mafuta ya kula, na kuna dumu linalofanana nalo kabisa lililoleta asidi, dawa ya kusafishia mashine au kiuatilifu cha shambani. Yakishaoshwa na karatasi ya nembo kubanduliwa, yote yanapangwa pamoja kando ya barabara na kuuzwa. Ukiuliza lilikuwa na nini, utajibiwa kuwa lilikuwa na mafuta. Ukinusa, utasikia sabuni.

Chombo cha kiuatilifu hakirudishiki kwenye chakula. Mwongozo wa FAO na WHO uko wazi: kopo likiisha dawa lisuuzwe mara 3, maji ya suuzo yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha kopo litobolewe ili mtu asije kulitumia tena. Dawa nyingine hunywea ndani ya plastiki yenyewe, na sabuni haizitoi. Sasa fikirieni mkasa uliopo. Shambani kopo hutobolewa ili liharibike. Mjini sisi tunawaambia watu watafute vyombo vilivyotoboka wapande mboga. Tundu lile lile, maana mbili zinazopingana. Kwa hiyo tunasema kwa mkazo: chombo kisichojulikana historia yake kisipandwe kitu cha kuliwa, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiwe cha bure. Tumia dumu lililovujia nyumbani kwako mwenyewe. Tumia ndoo ya mafuta ya kula kutoka kwa muuza chipsi unayemfahamu, au kopo la maziwa, siagi, asali. Ndoo ya rangi tunaiachia maua, na mwenye kubisha abishe. Dumu la oili chafu lisitie mguu uani.

Watu huambiana pia waangalie namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo. Ni vizuri kuiangalia. Namba 2 na namba 5, ambazo ndizo za madumu na ndoo nyingi, ni plastiki ngumu na tulivu. Namba 1 ni ile ya chupa za maji na soda, nyembamba, inafaa kukuzia miche kwa muda mfupi. Namba 3 na 6 ziacheni. Lakini namba inataja aina ya plastiki tu. Haikuambii jana mlikuwa na nini, na dumu la kiuatilifu huwa na namba 2 kama dumu la mafuta ya kula.

Mzigo huu hauwezi kuachiwa mnunuzi peke yake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo yenye dhamana ya viuatilifu nchini. Tungependa kuona kila duka la pembejeo linalouza dawa likilazimika kupokea makopo matupu yake, na mkulima akiyarudisha apewe punguzo katika ununuzi unaofuata. Muuza madumu ya mitumba naye atenge. Madumu ya chakula upande mmoja, ya kemikali upande mwingine, na hayo ya pili yasiuzwe rejareja kwa wapita njia. Mwenye kusema hilo haliwezekani akumbuke mifuko ya rambo. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019, ilipopigwa marufuku, tuliambiwa nchi haiwezi kuishi bila rambo. Sasa tunabeba vikapu na mifuko mbadala na soko halijafa.

Turudi uani.

Kosa la kwanza la wengi ni matundu machache. Tundu moja lililotoboka lenyewe halitoshi. Tobolea chini matundu 8 au 10 kwa msumari wa moto, nje, ukiwa umeupa upepo mgongo. Funika kwa kipande cha chandarua kilichochakaa ili udongo usitoroke. Tumesema kilichochakaa, chandarua kipya kina kazi yake, nayo si kufunika vifaranga wala kuvulia dagaa. Kokoto za chini, ambazo kila fundi wa bustani huziagiza, hazina faida kubwa: zinakula nafasi ya mizizi na maji hayatoki haraka zaidi kwa sababu yake.

Kosa la pili ni udongo. Udongo wa Dar es Salaam mwingi ni mchanga. Maji yanapita kama kwenye chujio. Changanya sehemu 2 za udongo na sehemu 1 ya samadi iliyoiva, kisha ongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ambayo wauza nazi huyatupa bure na yanashika maji vizuri sana. Samadi iwe imeiva kweli. Mbolea ya kuku ikitoka bandani moja kwa moja inaunguza miche, na watu wamelaumu mbegu kwa dhambi ya kuku.

Kosa la tatu ni tamaa ya picha. Siku hizi mitandaoni kuna kuta nzima za chupa za maji zilizokatwa na kuning'inizwa kwa kamba, kila chupa na mmea wake, kijani kitupu. Zinapendeza, hatukatai. Lakini chupa ya nusu lita ikikatwa inabaki na udongo wa viganja viwili, na kwa jua la Februari udongo huo umekauka kabla ya saa sita mchana. Aliyepiga picha alipiga asubuhi. Chupa ndogo ifanye kazi ya kiriba: ikuze mche wa sukuma wiki au nyanya wiki chache, kisha mche uhamie penye udongo wa kutosha. Kila chupa iliyotumika hivyo ni kiriba kimoja ambacho hakikununuliwa.

Mboga za kuanzia ni zile zisizo na makuu. Mchicha unamwagwa, unapunguzwa, unakatwa, unachipua tena. Matembele hayahitaji hata mbegu. Omba kwa jirani vipande vya marando vyenye vifundo 3 au 4, vichomeke, mwagilia, subiri. Mnafu huota kwa hasira mahali popote. Kitunguu cha majani na giligilani vinatosha kwenye kopo la kilo 2, na hivyo ndivyo tunavyonunua kila siku kwa vishilingi visivyohesabiwa. Sukuma wiki ipewe ndoo, mche 1 au 2, nayo itatoa majani kwa miezi ukichuma ya chini kwanza. Nyanya inataka lita 20 peke yake, na mti wa kuegemea, na uangalizi. Anayeipanda kwenye kidumu cha lita 5 atapata maua mengi na maneno ya kusimulia.

Tuseme pia kiasi chake, ili pasiwe na porojo. WHO inashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Familia ya watu 5 haitazipata kwenye madumu 4, wala 10. Itakachopata ni mboga ya siku mbili tatu kwa wiki, na kiungo cha kila siku, na fedha kidogo iliyobaki kwenye pochi. Hilo ni jambo la maana bila kuongezewa chumvi. Wanaosimama kwenye warsha na kusema madumu yatamaliza utapiamlo mijini wanawatayarisha watu kukata tamaa.

Vivyo hivyo wasituambie kwamba haya ndiyo suluhisho la taka za plastiki. Jua linaipiga plastiki mpaka inakuwa kavu kama ganda la yai, na baada ya misimu kadhaa dumu linavunjika mkononi. Likiachwa livunjike, vipande vyake vinaingia kwenye udongo ule ule wa mboga. Likianza kukwaruzika na kutoa unga, limwageni udongo, mlioshe, mpeni muokota chupa apeleke kwenye mizani. Hapo ndipo taka inapoondoka kweli, na anayeiondoa ni kijana mwenye kiroba mgongoni, ambaye hakualikwa kwenye warsha. Dumu la mboga limeichelewesha taka tu. Wenye viwanda wanaozijaza sokoni chupa na madumu bado wana deni lao, na bustani zetu zisitumike kuwafutia.

Kuhusu mbu, kuna hofu ya haki. Dar es Salaam imepigwa na homa ya dengue mara kadhaa, ukiwemo mlipuko wa 2014 na ule wa 2019, na Aedes, mbu anayeieneza, anapenda hasa vyombo vidogo vya uani: kopo, tairi, ndoo iliyosahauliwa. Anauma mchana, na mayai yake yakigandama ukutani mwa chombo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Ofisa afya anayepita mitaani akiamuru vyombo vitupwe anafanya kazi yake. Tunachoomba atofautishe. Dumu lililojaa udongo na lenye matundu halina mahali pa mbu kutaga. Sahani iliyowekwa chini yake kukinga maji inayo, tena ni kitalu kizuri kabisa. Sahani zisiwepo. Na vyombo vinavyosubiri kupandwa vilale kifudifudi, vikiwa vimesuguliwa ndani.

Wenye nyumba nao wana lao. Tunasikia wanavyolalamika kwamba maji yanachuruzika ukutani, plasta inabanduka, mchwa wanapata njia. Malalamiko hayo ni ya kweli pale dumu linapoegeshwa ukutani. Dumu liwekwe juu ya matofali, hatua moja kutoka ukutani, na upande unaopata jua la asubuhi, kwa kuwa jua la mchana kutwa linachemsha mizizi kupitia plastiki. Gunia kuukuu likizungushwa linasaidia. Matofali hayo hayo yatawachelewesha kuku, ingawa hayatawazuia. Mwenye nyumba akikubali madumu matano uani hapotezi kitu. Mpangaji akihama anahama nayo, na uani panabaki kama palivyokuwa.

Limebaki maji, na hili ndilo litakaloamua nani aendelee na nani aache. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, wakazi wa jiji walinunua maji kwa dumu, na mchicha ulikuwa wa mwisho kufikiriwa. Ndivyo itakavyokuwa tena siku maji yakiadimika. Chombo cha lita 20 kwenye joto kali kinaweza kutaka lita moja au zaidi kwa siku. Vyombo 20 maana yake ni dumu zima la maji kila siku, na hakuna mboga ya kulipia hilo kwa mtu anayenunua. Basi asianze na 20. Aanze na 4 au 5, avimwagilie maji ya kuoshea mchele na mboga, jioni, polepole mpaka yaanze kutoka chini, na atandaze nyasi kavu juu ya udongo. Maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ayamwage kwingine. Dumu zima, lile lisilovuja, libaki kwenye foleni ya bomba.